Ukistaafu Ualimu, Ukataka Kamati ya Shule

Mara ya kwanza nilipogombea ujumbe wa kamati ya shule nilipata kura 11. Sijazisahau kwa sababu ilikuwa kura ya mikono, na kati ya mikono hiyo mmoja ulikuwa wa mke wangu na mwingine wa shemeji yangu. Mama mmoja anayekaanga samaki pale stendi, ambaye kwa maneno yake mwenyewe darasa la saba alilisikia tu, alipata zaidi ya 60. Mimi nilikuwa na miaka 34 ya chaki, 10 kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu. Niliondoka chini ya mwembe nimebeba kiti changu cha plastiki, nikinung'unika kwamba wazazi wa siku hizi hawajui wanachotaka.

Walikijua vizuri sana. Kabla ya kura, mzazi mmoja alisimama akauliza kwa nini watoto wanalipishwa "pepa" kila Ijumaa. Mwenyekiti hajafungua mdomo, mimi nimeshanyanyuka: "Siyo pepa, ni zoezi la kujipima. Na hamlipishwi, mnachangia." Watu wakacheka kidogo. Yule baba akakaa taratibu, mikono katikati ya magoti, kama mtoto aliyekwama tebo ya saba. Alikuwa na hoja, maana pesa ilikuwa inamtoka mfukoni, iitwe jina lolote. Mimi nikaiacha hoja nikamsahihishia Kiswahili.

Nawaandikia walimu wenzangu mliotoka kazini, kwa lazima mkiwa na miaka 60 au kwa hiari kuanzia 55, na sasa mnaiona shule ya mtaani kwenu inayumba mkasema: hapa ningefaa. Mtafaa. Shule nyingi za msingi zina kamati ambayo mjumbe hajawahi kuuona mpango wa shule, anasaini muhtasari wa kikao ambacho hakukihudhuria, na akiulizwa anasema "mwalimu mkuu ndiye anayejua". Mtu aliyewahi kuandaa hayo makaratasi ni hazina. Ila ualimu wenyewe ndio utakaokuangusha usipoangalia, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tumalize kwanza la pesa, kwa sababu najua kikokotoo cha mafao kimewafanya wengi wetu kutazama kila kiti kama kina posho. Hiki hakina mshahara. Mkibahatika kikao kitakuwa na soda na andazi. Na kama unakitaka kiwe ngazi ya kuelekea udiwani, gombea udiwani moja kwa moja. Wazazi wana pua. Wakishanusa kwamba unajipigia debe la 2029 au 2030 kwa kutumia vyoo vya watoto wao, hata shemeji yako hatanyoosha mkono.

Sasa, kamati ni nini hasa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ndiyo iliyozipa shule za msingi kamati na shule za sekondari bodi. Bodi ya sekondari ina njia yake, wajumbe wake huteuliwa. Ninayoizungumzia hapa ni kamati ya msingi, ile ambayo wazazi wanakusanyika na kuchagua watu wao. Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati. Mwenyekiti hutoka upande wa wajumbe wasio walimu. Kamati hizi zilipata meno wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), mwaka 2002 hadi 2006, ada ikiwa imeshafutwa, pale fedha za ujenzi na ruzuku zilipoanza kushushwa hadi shuleni na wanakijiji wakatakiwa kusimamia madarasa yao wenyewe. Mliokuwa kazini miaka ile mnakumbuka: mara ya kwanza tuliona mkulima anamuuliza mwalimu mkuu risiti.

Jirani zetu wa Kenya wameyaandika haya kwa kina zaidi kwenye Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Bodi ya usimamizi ya shule inakuwa na watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii ya eneo hilo, kuna watatu wa mdhamini wa shule, kuna mwakilishi wa walimu, na hata mwakilishi wa baraza la wanafunzi anaingia kikaoni. Hilo neno "jamii" ni mlango mzuri kwa mstaafu ambaye wanawe walishamaliza shule zamani. Kwetu pia usijidharau kwa kukosa mtoto darasani. Wajukuu unaowalea ni wako, na daftari la shule linamtambua mlezi. Ila hakikisha jina lako limo kwenye orodha ya wazazi na walezi kabla ya siku ya mkutano, maana nimeona mtu anaenguliwa kwa hilo saa nne asubuhi mbele ya kadamnasi.

Miaka kadhaa baadaye kamati ilipomaliza muda wake nilirudi, lakini safari hii nilianza miezi mitatu kabla, na nilianza kwa kunyamaza. Nilinunua kaunta buku moja. Nikapita nyumba kwa nyumba jioni, kwenye kijiwe cha kahawa, kisimani, kwa mafundi baiskeli, na kila mahali nilikuwa na swali moja tu: "Pale shuleni, kitu gani kinakukera?" Nilijikataza kujibu. Ukiwa mwalimu hiyo ni adhabu kubwa kuliko kusimamishwa juani, kwa sababu mtu anasema jambo ambalo si kweli, wewe unajua si kweli, na unatakiwa uliandike lilivyo.

Mimi nilitegemea wataniambia taaluma na nidhamu. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa vyoo. Wakina mama walinieleza kwamba binti akishavunja ungo, siku zake zikifika anabaki nyumbani, kwa sababu tundu la choo ni kupanga foleni na mlango haufungi. Ukurasa wa pili: mtoto yuko darasa la tatu na hawezi kusoma jina lake. Wa tatu: viboko.

Hilo la viboko nitasimama kidogo, kwa sababu linawamaliza wastaafu wengi. Sisi tulichapwa, tukachapa, na tukipewa nafasi ya kusema mbele ya wazazi tunaanza na "zamani nidhamu ilikuwepo". Usithubutu. Waraka wa Elimu namba 24 wa mwaka 2002 unasema viboko visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi, mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Jiulize ni wangapi kati yetu tuliwahi kukifungua hicho kitabu. Nilipokuwa napita nyumbani kwa watu nilikutana na mwanaume wa miaka 40 hivi, ana bodaboda mbili, akanionyesha kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto kilichopinda. "Hiki ni chako, Mwalimu." Sikuwa nakumbuka. Nilimwomba radhi palepale, mkewe akiwa ananimiminia maji ya kunywa. Sikufanya hivyo kwa ajili ya kura yake, na sijui kama aliwahi kunipa.

Kuna mtu mmoja ambaye lazima umtembelee kabla hujamtembelea mwingine yeyote, naye ni mwalimu mkuu aliyepo. Akisikia kwa watu kwamba mwalimu mkuu wa zamani anagombea, atakuelewa kwa namna moja tu: anakuja kunichunguza. Nenda ofisini kwake, mwambie mwenyewe, na umwambie ni kitu gani hutafanya. Wetu nilimfundisha darasa la tano. Siku niliyokwenda aliinuka kwenye kiti chake, akaniamkia shikamoo mbele ya walimu wake, akanipisha nikae. Nami nikakaa! Tukazungumza robo saa nikiwa nyuma ya meza yake, yeye kwenye benchi la wageni, na kila mwalimu aliyeingia na daftari alinikabidhi mimi. Yule mama wa samaki, ambaye alikuwa bado mjumbe na alikuja kufuatilia mahindi ya uji, ndiye aliyeniambia nje getini: "Mwalimu, leo umekalia kiti cha mwenyewe."

Kwa hiyo amua mapema. Kwenye kikao anaitwa Mwalimu Mkuu, hata kama wewe ndiye uliyemfundisha kushika kalamu. Usiingie darasani kukagua andalio la somo. Kazi hiyo ina wenyewe, kuna yeye mkuu, kuna Afisa Elimu Kata, kuna wathibiti ubora. Walimu vijana watakuja kwako kumsema, kwa sababu wewe ni mwenzao. Wasikilize kama mzee, kisha uwaambie wapeleke kwenye kikao cha walimu. Mstaafu anayegeuka kuwa mwalimu mkuu wa pili huigawa shule kwa muhula mmoja tu.

Tuje kwenye ruzuku, ambako wewe una faida kuliko mgombea mwingine yeyote. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, kiwango kilichowekwa kwa mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo zinazokuja shuleni, kidogo kidogo kila mwezi. Shule yetu ilikuwa na wanafunzi 412. Zidisha: 2,472,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 12: shilingi 206,000 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, dawati lililong'oka, nauli ya kupeleka taarifa wilayani. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, 200,000, haimo humo; inakuja kwa njia yake, na wazazi wengi huichanganya na ruzuku wakadhani mkuu anakula pesa ya chaki.

Nilipoiandika hesabu hiyo kwa mkaa kwenye kipande cha boksi pale kijiweni, mabishano yalikwisha. Waliokuwa wanasema "serikali inaleta mamilioni" walishika videvu. Waliokuwa wanasema "serikali haileti kitu" nao wakanyamaza. Mgombea anayejua namba hii kabla ya mkutano anaheshimika, na anamsaidia pia mwalimu mkuu, ambaye pengine amekuwa akituhumiwa miaka mitatu kwa pesa ambazo hazijawahi kuwepo. Baada ya hapo ndipo unaomba kwa sauti ya kawaida kwamba taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila robo mwaka. Mkuu msafi atafurahi. Na ukiwa mwalimu mkuu mstaafu unajua pia mahali hesabu zinapolegea, kwa sababu na wewe kuna siku ulizilegeza. Hapo sitaandika zaidi.

Ujenzi ni jambo jingine ambalo mwalimu hulielewa kwa nusu. Tunajua mihtasari, hatujui saruji. Kwetu wananchi walipandisha boma la madarasa mawili hadi kwenye lenta, kwa matumaini kwamba halmashauri ingepaua, na mifuko ya saruji ikanunuliwa kwa michango yao. Nimeshachaguliwa wakati huo, na nilikuwa na faili safi: risiti ya mifuko 40, hati ya kupokelea, sahihi tatu. Mama wa samaki akauliza mifuko mitupu iko wapi. Sikuelewa. Akaniambia yeye hununua mifuko mitupu ya saruji kwa mafundi kila wiki, anawashia jiko, kwa hiyo anajua kila eneo la ujenzi linatoa mingapi. Tukaenda nyuma ya boma tukahesabu. Mitupu ilikuwa 27, na stoo haikuwa na uliojaa hata mmoja. Fundi alisema mingine imepeperushwa na upepo, ingawa majira yale hata jani halikuwa linatikisika. Mifuko 13 ilirudi usiku, imepangwa vizuri mlangoni, na hakuna aliyeulizwa.

Basi ukiingia kamati, kaa karibu na mtu wa namna hiyo. Wewe soma karatasi, yeye asome eneo. Muuza mkaa anajua uzito wa gunia la mahindi kwa kulitazama. Mshona viatu atakuambia mpira wa miguu mliouziwa kwa bei ya ngozi ni plastiki. Sisi walimu tuna tabia ya kuwaita hawa watu "wajumbe wasio na elimu" tukiwa wenyewe, na hilo huonekana usoni hata tukifunga mdomo.

Kuhusu michango, jifunze mpaka ulipo. Waraka namba 3 wa mwaka 2016 unawaachia wazazi sare, madaftari, kalamu, na chakula cha mtoto wa kutwa. Mchango wa hiari unaruhusiwa. Wa lazima hauruhusiwi, na mtoto hafukuzwi shule kwa sababu mzazi hajachanga. Wazazi wakikubaliana debe la mahindi kwa ajili ya uji na makande, mkutano wao ndio uamue, wao wachague watu wa kupokea, na walimu wasishike hata punje. Stoo iwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Na asiye na debe? Kila kijiji kina bibi anayelea wajukuu wanne peke yake. Pangeni mapema akatoe nini, kuni au siku moja ya kuchota maji, ili mtoto wake asisimame pembeni wenzake wanapokunywa uji. Hili mliseme kabla ya kikao kufungwa, kwa sababu baada ya hapo huwa linabaki kwa mpishi.

Siku ya uchaguzi yenyewe, sema kidogo. Miaka yote tumezoea dakika 40, na ukipewa nafasi ya kujieleza utajikuta unaanza na historia ya shule tangu mkoloni. Mimi niliandika maneno yangu, nikayasoma kwa saa ukutani, nikakata mpaka yakafika dakika moja. Niliwaambia: "Mnanifahamu. Wengine niliwafundisha, wengine niliwachapa, na ninaowakumbuka nimeshawafuata nyumbani. Wasichana wetu ni 210. Mwongozo unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20, kwa hiyo tulipaswa kuwa na 11. Tuna manne. Swali langu la kwanza kwenye kikao litakuwa hilo." Nikakaa. Kura zilitosha.

Vaa kawaida. Usije na mkoba wa ngozi. Usikae safu ya mbele na Mtendaji na Mwenyekiti wa Kijiji hata wakikuita, utaonekana umeshapangwa. Na mtu akiuliza swali kwa Kiswahili kilichopinda, lijibu swali.

Kuna jambo moja la kalenda ambalo kila anayegombea sasa anatakiwa alijue. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Watoto walioingia la tatu mwaka ule watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliowatangulia kwa darasa moja, wa mtaala wa zamani, watamaliza la saba mwaka huohuo. Makundi mawili yatatoka pamoja, na Januari 2028 yatahitaji vyumba vya kidato cha kwanza pamoja. Kamati ya shule ya msingi itadhani hayo ni ya sekondari. Lakini viongozi wa kata watakuja kwa wazazi haohao, na kabla ya hapo kutakuwa na habari za kambi na masomo ya ziada kwa madarasa mawili ya mtihani badala ya moja. Kamati isiyojipanga italetewa barua ya michango Juni 2027 ikae kimya. Wewe uliyewahi kupanga ratiba ya shule yenye mikondo miwili unaweza kukaa na mwalimu mkuu mwaka mzima kabla, mkajua watoto ni wangapi, walimu ni wangapi, na nini cha kuwaambia wazazi mapema.

Ukishindwa kama mimi mara ya kwanza, usiinunie shule. Hudhuria mikutano, kaa nyuma, sikiliza. Miaka niliyokaa nyuma ndiyo iliyonifundisha mambo ambayo nikiwa mbele sikuwahi kuyaona, kwa mfano kwamba nusu ya wazazi huwa hawasikii kinachosemwa mezani, wala hawasemi kwamba hawasikii.

Barua ya mkutano wa wazazi hupewa watoto wapeleke nyumbani, na nyingi huishia ndani ya madaftari. Kama huna mjukuu pale shuleni, zungumza leo na mtoto wa jirani akuonyeshe ya kwao ikitoka.